Nilivyokuja kuielewa "muscle up" na ndugu zake

Ukianza kufanya kazi na watu ambao Kiingereza ndiyo lugha yao ya mama, maneno marefu hayatakusumbua sana. Maneno kama "infrastructure" au "accountability" yamo kwenye kamusi, yana maana moja au mbili, na wengi wetu tuliyakariri darasani. Kinachosumbua ni vitenzi vifupi vinavyoburuta mkia: "up", "in", "out", "off". Mimi vilinikosesha raha kwa muda mrefu, na vilivyonitesa kuliko vyote ni vile vinavyohusu nguvu: kuijenga, kuiongeza, kuionyesha. Naandika haya kwa ajili ya yeyote anayeingia sasa kwenye kazi za namna hiyo, asije akapoteza muda na fedha pale nilipopoteza mimi.

Kwangu ilianza na "muscle up". Timu yetu ilikuwa ikiandaa andiko la kuomba mradi, na tulijua kuna kampuni nyingine inayouwania mradi huohuo. Jioni moja kiongozi wa timu akaandika kwenye kundi letu: "They've muscled up. We need to muscle up before Thursday." Wenzangu wakajibu palepale kwa alama ya dole gumba. Mimi nikabaki na simu mkononi. Nilijua "muscle" ni msuli na "up" ni juu. Programu ya tafsiri ikaniletea "misuli juu". Kamusi ya Kiingereza ikasema ni kujenga misuli, lugha ya mazungumzo. Maana hiyo ilikuwa sahihi, lakini haikuniambia nifanye nini kabla ya Alhamisi.

Asubuhi nilimpigia mwenzangu mmoja ninayemwamini, akanieleza bila kunifanya nijione mdogo. Wale washindani walikuwa wameongeza wataalamu na kuungana na kampuni yenye uzoefu zaidi. Nasi tulitakiwa tujizatiti: tutafute mtu wa takwimu, tuongeze ushahidi, tupate barua za wadau. Kumbe ilikuwa orodha nzima ya kazi ndani ya maneno mawili.

Gharama kubwa ya kutovielewa vitenzi hivi haikuwa kazi kuharibika, maana mara nyingi kuna wa kukueleza. Gharama ilikuwa ukimya. Kwenye vikao nilianza kusubiri wengine wajibu kwanza ili nijue swali lilikuwa nini. Mtu akitania, nacheka baada ya wengine. Kidogo kidogo watu wakazoea kwamba sina la kusema, na mawazo niliyokuwa nayo yakasemwa na wengine. Hilo liliniuma, na naamini linawauma wengi ambao Kiingereza chao cha maandishi ni kizuri kabisa.

Nikatafuta msaada, nikalipia kozi ya intaneti iliyoahidi mamia ya vitenzi vya namna hii. Ilikuja na kadi za kukariri, zimepangwa kwa kitenzi: "look up", "look after", "look into", "look down on", kisha zamu ya "take", kisha "get". Kila kadi ilikuwa na tafsiri moja na sentensi moja isiyo na mtu ndani yake. Nilikariri kwa bidii, na baada ya muda yote yakachanganyika. Ushauri wangu kwa hilo ni wa moja kwa moja: usinunue kozi inayojisifia wingi wa vitenzi. Mwaka 2007 watafiti Dee Gardner na Mark Davies walichunguza hazina ya matini ya Kiingereza cha Uingereza yenye maneno milioni 100, wakaona kwamba vitenzi 20 tu vikiungana na vineno vinane vinabeba zaidi ya nusu ya matumizi yote ya aina hii. Vitenzi vyenyewe ni vile vya kila siku, kama "go", "come", "take" na "get". Anza na hivyo. "Muscle up" haimo humo, wala haitajwi mara nyingi, lakini mkia wake "up" ni miongoni mwa vile vinane, na ukiuelewa mkia huo utasikia mengi ambayo hukuyakariri.

Kilichonisaidia kuuelewa mkia kilikuwa Kiswahili. Nilikuwa nimekaa karibu na mama akizungumza na mdogo wake kwa simu, wanasuluhisha ugomvi wa siku nyingi. Akamwambia, "Mdogo wangu, hayo tuyatupilie mbali." Nilikuwa nimeisikia kauli hiyo maisha yangu yote, ila siku hiyo ilinisimamisha. Hapakuwa na kitu kinachorushwa, wala umbali wowote. Tunaposema hoja imetupiliwa mbali, au uchafu ufagiliwe mbali, au mtu apotelee mbali, hilo "mbali" halipimi masafa. Linasema jambo liishe lote, lisibaki hata chembe. Na kitenzi chenyewe kinajirekebisha ili kulipokea: tupa inakuwa tupilia, fagia inakuwa fagilia, potea inakuwa potelea. Hakuna aliyetufundisha hilo kwa kadi. Tulilipata kwa kusikia watu wakilitumia wakiwa na hasira, na huruma, na haraka.

Basi "up" nayo mara nyingi haihusu juu. Kazi yake moja ni hiyohiyo ya ukamilifu: "eat up" ni kula ukamaliza, "use up" ni kutumia hadi kitu kiishe, "fill up" ni kujaza pomoni. Kazi yake nyingine ni ongezeko: "speed up" mwendo unaongezeka, "warm up" joto linapanda. Vitenzi vya nguvu vinakaa hapo katikati. Mtu aki-"muscle up" anaongeza nguvu hadi itoshe kwa jambo lililo mbele yake. Hilo la kutosha nalisisitiza, kwa sababu karibu kila nilipolisikia neno hili palikuwa na kitu kinachosubiri: mshindani, mtihani, mzigo, msimu mgumu. Ukilikuta, tafuta kwanza hicho kinachosubiriwa. Ukikiona, maana imekwisha kukujia.

Kisha jiulize kama nguvu inajengwa au inaonyeshwa. Kiswahili kinatenganisha vizuri. Anayejiandaa anajizatiti au anajiimarisha. Anayetaka wengine waone anatunisha misuli, na magazeti yetu hupenda kauli hiyo nchi moja inaposogeza majeshi karibu na mpaka wa nyingine. Kiingereza nacho kina "flex your muscles" kwa maonyesho ya namna hiyo, lakini "muscle up" yenyewe inaweza kuegemea upande wowote. Watangazaji wa besiboli nchini Marekani huitumia kwa mpigaji aliyekusanya nguvu zote akaupiga mpira, na hapo hakuna aliyejenga msuli wowote wakati huo. Ametoa alichokuwa nacho. Hata kwetu msuli haukai mwilini tu: mwanafunzi anayesema usiku kucha alikuwa anapiga msuli hakuwa akinyanyua vyuma, alikuwa akisoma.

Badilisha mkia uone kinachotokea, maana hapa ndipo kuna hatari ya kweli. "Muscle in" ni kujiingiza kwa mabavu kwenye jambo la wengine, "muscle out" ni kumsukuma mtu nje kwa mabavu, na "muscle through" ni kujikaza hadi umalize jambo gumu. Msuli ni uleule, lakini mmoja anasifiwa na mwingine analaumiwa. Wiki chache baada ya ule ujumbe, mtu aliandika kwamba kampuni fulani ilikuwa "muscling in on our work". Mtu aliyekariri kwamba "muscle" ni jambo la kujiimarisha angeweza kudhani hiyo ni habari ya ushirikiano, kumbe ni malalamiko ya kuporwa. Kwa hiyo usisikilize kitenzi ukaacha mkia. Na baada ya mkia sikiliza kinachofuata, hasa "on" au "to", kwa sababu huko ndiko aliko mwenye kuumia. "Stand up to" mtu ni kumkabili bila woga, "stand up for" mtu ni kumtetea, na "stand someone up" ni kumwahidi kukutana naye usitokee.

Kusikia kwenyewe ni kazi. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na masikio yetu yamezoea kwamba mwisho wa neno hushuka taratibu. Kitenzi cha Kiingereza cha namna hii kinafanya kinyume: mkazo mzito unakaa kwenye mkia, "muscle UP". Na mkia huo haukai peke yake, unashikana na kilichotangulia. "Beef it up" ikisemwa kwa haraka inasikika kama neno moja, biifitap. Nilipoanza kurudia sentensi nzima kwa sauti, nikiuangushia mkia uzito, ndipo nilipoanza kuvisikia vitenzi hivi vinapopita kikaoni. Zoezi hili halina gharama na ningelianza mapema kuliko kadi zote. Rekodi kikao ukiruhusiwa, chagua dakika mbili tu, rudia mpaka ulimi uchoke.

Mkazo huo pia unatenganisha kitenzi na jina. Wafanya mazoezi wana zoezi linaloitwa "muscle-up", lenye kistari katikati, na hapo mkazo unarudi mwanzoni, "MUSCLE-up". Rafiki yangu anayelifanya alinionyesha. Unaning'inia kwenye bomba, unajivuta, lakini huishii kidevu kinapopita bomba kama tulivyozoea. Unaendelea kuvuta hadi bomba lifike chini ya kifua, kisha unavigeuza viwiko kwa haraka vitoke chini ya bomba vije juu yake, halafu unasukuma mpaka mikono inyooke na kiwiliwili chote kiko juu. Hapo pa kugeuza viwiko ndipo wengi wanapokwamia, hata wenye nguvu. Ukisoma "she did a muscle-up" na "she muscled up", kistari na mahali pa neno vinakuambia kama ni hilo zoezi moja la sekunde chache au ni maandalizi ya miezi.

Ndugu wa karibu wa "muscle up" unayemkuta zaidi ofisini na kwenye habari ni "beef up". Hapa wanaozungumza Kiswahili wana mtego wao. "Beef" ni nyama ya ng'ombe, neno lililoingia Kiingereza kutoka Kifaransa baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, lakini vijana wetu wamelichukua kwa maana ya ugomvi: fulani ana bifu na fulani. Mwenzangu mmoja aliambiwa "beef up your argument", akaelewa kwamba anaombwa awe mkali zaidi, akaandika jibu la kuchoma. Haikuwa rahisi kulirekebisha, na nilimhurumia sana, kwa sababu alitumia maarifa aliyokuwa nayo. Kwenye "beef up" ile nyama ni nguvu ya mwili, matumizi ya zamani ya mitaani huko Marekani. Unaongeza nguvu mahali palipo dhaifu. "Beef up security" tunayoisoma kila mara ni kuimarisha ulinzi.

Niseme zaidi kuhusu nguvu hiyo inayoongezwa, kwa sababu nimeona watu wakiongeza kitu kingine. Aya ya tatu ya andiko letu ilisema mafunzo yalifanikiwa na washiriki waliridhika. Pembeni kiongozi aliweka maneno matatu: "Beef this up." Hakuwa anaomba kurasa wala sifa. Tulikaa na mwenzangu tukaijaza: washiriki walikuwa wangapi, waliulizwa lini, aliyewauliza ni nani, nini kilibadilika kazini mwao baada ya hapo, na wangapi hawakuridhika. Aya ilirefuka kwa mistari michache, ikasimama. Kama angetaka unene tupu, Kiingereza kina "bulk up", na ukirefusha maandishi kwa maneno yasiyo na kazi utaambiwa ume-"pad out", ambayo si sifa. Kwa hiyo ukiambiwa "beef up", uliza ni nini kinachopungua. Swali hilo halionyeshi kwamba hujui Kiingereza. Linaonyesha kwamba unaichukulia kazi kwa uzito.

Angalia pia ile "this" ilipokaa. "Beef this up", "beef it up", kamwe isiwe "beef up it". Kiwakilishi kinakaa katikati, mkia unabaki nyuma. Kozi yangu ilitumia ukurasa mzima kulieleza hilo kama jambo geni, na bado halikukaa kichwani. Lilikaa nilipokumbuka kwamba sisi nasi tunamweka mtendwa katikati: nimeiimarisha, tuliyakazia, wanaijenga. Mwenye "i" na "ya" tumboni mwa kitenzi chake hana sababu ya kuogopa "it" katikati ya "beef" na "up". Kikitajwa kwa jina lake kamili, kama "the report", kinaweza kukaa katikati au mwishoni, vyote ni sawa.

"Shore up" nayo ilinipa furaha ya pekee. Wengi wanaona "shore" wanafikiri ufuo, wanapotea. "Shore" hii ni nguzo ya mti inayoegemezwa kwenye ukuta unaotaka kuanguka, au kwenye chombo kilichopandishwa nchi kavu kisilale ubavu. Watu wa bahari wana neno lake tangu zamani: gadi. Kuu-"shore up" uchumi, au muungano wa vyama, ni kuutia gadi. Inakuambia kwamba kitu chenyewe kinayumba. Kwa hiyo usiitumie kwa jambo lenye afya unalotaka tu likue, kwa maana wasikilizaji watashtuka na kuuliza nini kimeharibika.

Kuna kimoja ambacho naomba ukielewe lakini usikitumie. Ni "man up". Kinafanana na "jikaze kiume" yetu, na wanaokisema mara nyingine hudhani wanatia moyo. Mwenzetu mmoja alikuwa amefiwa, kazi zikamzidi, na mtu akamwandikia hivyo mbele ya kundi zima. Hakujibu, na kwa siku kadhaa hakuzungumza na yeyote. Kinamwambia mtu kwamba maumivu yake ni upungufu wa uanaume, na kwa mwanamke kina tusi la ziada. "Toughen up" nayo ni kali ikielekezwa kwa mtu, ingawa haina madhara ikielekezwa kwa sheria au kanuni. Ukitaka kumpa mtu nguvu kwa Kiingereza, "hang in there" ina upole, na "I'm here if you need anything" ina upole zaidi. Kabla ya kutumia kitenzi chochote cha nguvu kwa mtu, tazama nani anamwambia nani. Kocha na mchezaji wake wana ruhusa ambayo wewe na mteja wako hamna.

Hilo linanileta kwenye mahali pa kuvitumia. "Muscle up" na "beef up" ni maneno ya mazungumzo, ujumbe wa ndani, habari za michezo, vichwa vya magazeti. Kwenye mkataba, barua rasmi au tasnifu, andika "strengthen" au "reinforce". Mimi kwa muda mrefu nilikuwa nikivielewa tu bila kuvitumia popote, na sioni hasara ndani yake. Kuelewa kunakuja kwanza, na unaweza kukaa katika kuelewa tu kwa muda unaoutaka. Hakuna anayemsikia mtu akisema "strengthen" akamdharau.

Siku za kukata tamaa nilipata faraja kwa Samuel Johnson, aliyechapisha kamusi yake kubwa ya Kiingereza mwaka 1755. Katika dibaji aliandika kwamba kubadilisha maana ya kitenzi kwa kukifuatishia kineno kidogo ndiko kunakowapa wageni ugumu mkubwa kuliko wote. Na jina ambalo Waingereza wanavipa vitenzi hivi leo, "phrasal verbs", lilikuja kuenezwa miaka 170 baadaye, mwaka 1925, na mwandishi Logan Pearsall Smith, aliyesema kalipata kwa Henry Bradley, mmoja wa wahariri wa kamusi ya Oxford. Wenyewe walivitumia karne nyingi kabla ya kukubaliana waviiteje. Mgeni anayehitaji miaka michache kuvizoea hajachelewa.

Sasa hivi nina daftari. Silipangi kwa kitenzi wala kwa alfabeti. Kila ninapokutana na kitenzi cha namna hii naandika sentensi nzima kama ilivyosemwa, aliyesema, aliyeambiwa, kilichokuwa kinasubiriwa, na chini yake kauli ya Kiswahili ambayo ningeisema mimi kwenye nafasi ileile. Kauli hiyo mara nyingi si tafsiri ya maneno, na ndivyo ninavyotaka. Wiki hii nimeandika "tool up". Nchini Uingereza mtu akisemwa yuko "tooled up" huwa amebeba silaha, hivyo nilipoona "the plant is tooling up" moyo ulinidunda. Nikarudi kwenye sentensi ya juu yake. Kilikuwa kiwanda, kinafunga mitambo mipya kabla ya kuanza kuzalisha, na aliyeandika alikuwa mhandisi akimjulisha mnunuzi kwamba shehena ya kwanza itachelewa.